Sabina wa Akidi: Maisha ya Sabina Yeremia Masele, 1997–2025

Maneno haya yameandikwa na Paskazia Masele, bibi wa marehemu, mama wa baba yake, kwa mkono wake mwenyewe. Yanasomwa na Winnie, mdogo wa marehemu, kwa kuwa macho ya bibi siku hizi hayafiki mwisho wa mstari. Padri alishauri wasifu uwe mfupi na wenye maneno laini. Bibi aliusikia ushauri huo.

Sabina alizaliwa Alhamisi, tarehe 14 Agosti 1997, Buzuruga, katika chumba cha kupanga nyuma ya stendi. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Yeremia Masele, fundi baiskeli, na Modesta. Winnie alifuata mwaka 2001. Yeremia alifariki mwaka 2003, kwa kifua. Modesta alikuwa bado binti, akaolewa Sengerema. Hakulaumiwa wakati ule na halaumiwi leo. Yupo hapa, amekaa mkekani, mpeni maji. Watoto wote wawili walipanda kwa bibi yao hapa Jiwe Pacha, ng'ambo ya Korongo la Mbuzi, na bibi hakuomba mtu amsaidie kuwalea.

Kwa wageni mliotoka Bujora na Sengerema: Korongo la Mbuzi ni lile mlilovuka asubuhi hii mmeshika viatu mkononi. Wakati wa kiangazi ni mchanga na chupa tupu. Masika yakija ni mto unaoshuka kutoka kwenye miamba, unakwenda ziwani na chochote utakachokiachia. Juu yake kwa kawaida pana mbao mbili. Mbao hizo zikichukuliwa na maji zinatafutwa nyingine mbili. Hivyo ndivyo mtaa huu umeishi tangu bibi ahamie hapa mwaka 1981, na watu walishazoea hata kuzisifu zile mbao.

Sabina alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 2004 hadi 2010. Shule iko ng'ambo. Masika ya miaka mitatu ya kwanza alivuka mgongoni kwa bibi. Alipofika darasa la nne aliona haya, akavuka mwenyewe, korongo likamnyang'anya begi na madaftari yote. Alirudi nyumbani ameloa, hakulia, akauliza:

"Bibi, daraja linajengwa na nani?"

"Na serikali."

"Inakaa wapi?"

"Mjini."

Jumamosi iliyofuata mtoto hakuonekana. Bibi alimtafuta kwenye miamba yote, akamkuta Buzuruga amesimama na askari wa barabarani. Mtoto alikuwa ameshika kiuno. Askari akasimulia huku akicheka, kwamba huyu mtoto alimjia na kumwambia, "Shikamoo, wewe ndiye serikali?" Naye kwa utani akajibu, "Marahaba, kwa leo ni mimi." Basi Sabina akamwambia, "Twende ukaone korongo letu." Alichapwa siku hiyo, kwa kutoroka. Bibi alimchapa huku anaficha uso, maana alikuwa anacheka na yeye.

Alimaliza kidato cha nne mwaka 2014 na kidato cha sita mwaka 2017, akafaulu. Mwezi Oktoba mwaka huo aliingia chuo kikuu huko Dodoma kusomea Usimamizi wa Umma. Majirani waliuliza hiyo ni kazi gani. Wengine walidhani ni unesi. Mama mmoja, ambaye leo amevaa kitenge cha bluu, alisema mtoto wa mponda kokoto angesomea ushonaji akaona faida mapema. Sabina mwenyewe alieleza hivi: "Ni kusomea jinsi ya kuifanya ofisi ifanye kazi yake." Bibi akamuuliza kwa nini ofisi ifundishwe kazi yake. Sabina akasema ndiyo maana kozi ina miaka mitatu.

Bibi aliponda kokoto kumsomesha. Uani hapa mlipokaa palikuwa na mawe makubwa matatu. Jiwe huchomwa moto kwa matairi, likipasuka linagongwa kwa nyundo mpaka liingie kwenye ndoo. Jiwe la mwaka wa kwanza lilikuwa pale kwenye kona ya choo. La mwaka wa pili lilikuwa pale walipokaa wanakwaya. La mwaka wa tatu lilikuwa hapa lilipowekwa jeneza. Sabina alipokuja likizo ya mwisho alilitafuta, alipenda kukaa juu yake akisoma, akasema, "Bibi, jiwe langu liko wapi?" Bibi akamwambia, "Umelisoma lote, limekwisha." Ua huu umekuwa tambarare kwa sababu ya Sabina. Ndiyo maana leo viti vimesimama vizuri.

Alihitimu Novemba 2020. Wenzake walibaki Dodoma na Dar es Salaam kutafuta ajira. Yeye alirudi Jiwe Pacha na begi la nguo na begi la vitabu, watu wakamcheka kwamba msomi ameshindwa maisha. Ajira ya serikali aliomba mara saba, hakupata. Mwaka 2021 aliajiriwa katika duka la vifaa vya ujenzi la Mzee Shantilal, mjini, akawa mtunza stoo. Mzee Shantilal yupo, amekaa karibu na ukuta. Alikuwa akimtania, "Binti, umesoma kusimamia nchi, unanisimamia misumari." Sabina anamjibu, "Nchi nayo imeshikwa na misumari, mzee." Barua zake zote za daraja alizichapa kwenye mashine ya duka hilo, na yule mzee alijifanya haoni.

Sasa bibi anakuja kwenye daraja.

Mwaka 2022 Sabina alikwenda manispaa mara kumi na moja. Mara ya kumi na mbili walichoka kumwona, wakamleta mhandisi. Mhandisi alipima korongo kwa kamba, akasema kivuko cha zege kinawezekana. Saruji na nondo zingetoka manispaa. Mawe na nguvu kazi vitoke kwa wananchi. Na lazima uwepo muhtasari wa mkutano mkuu wa mtaa, wenye mahudhurio ya wakazi wasiopungua mia moja, na saini zao. Bila hivyo, aliandika kwenye barua yake, hakuna atakayegusa faili.

Bibi alitenga mawe yake siku ileile. Lundo lile mnaloliona kando ya choo ndilo. Lina miaka mitatu. Hakuuza hata ndoo moja, ingawa wateja walifika mpaka mlangoni.

Mkutano wa kwanza ulifanyika Juni 2022. Walikuja watu ishirini na wawili. Mmoja akauliza kama kuna soda, akaambiwa hakuna, wakabaki ishirini na mmoja. Jioni Sabina alirudi nyumbani amechoka, bibi akamuuliza mambo yamekwendaje.

"Mkutano umekosa akidi."

"Hilo nalijua. Umekosa akili tangu mwanzo."

"Akidi, bibi, siyo akili. Akidi ni idadi ya watu inayotosha."

"Basi umekosa vyote viwili."

Alicheka siku hiyo mpaka akakaa chini. Toka hapo lilikuwa neno lao wawili. Ugali ukiwa mdogo, Sabina alisema umekosa akidi. Mtu akiropoka barabarani, bibi alisema yule akidi anayo, akili hana.

Mkutano wa pili, mwaka 2023, walifika arobaini na mmoja. Hapo ndipo Sabina aliposimama kuhesabu vichwa, sauti ikatoka nyuma: "Umesoma miaka mitatu uje kutuhesabu kama mbuzi?" Mwenye sauti hiyo bibi anamjua. Alisaidia kubeba jeneza Ijumaa, na kwa hilo anashukuriwa.

Mkutano wa tatu ulikuwa Jumamosi, tarehe 21 Septemba 2024. Sabina alipita nyumba kwa nyumba wiki mbili, kila akitoka kazini. Alivaa viatu mpaka vikaachia soli. Siku hiyo watu walijaa. Alihesabu mara mbili. Walikuwa tisini na saba.

Hatua kama thelathini kutoka hapo, kibarazani kwake, alikuwa amekaa Mzee Shimba na wenzake wawili wanacheza bao. Sabina aliwaita kwa adabu, watu wote wakisikia.

"Baba Shimba, shikamoo. Tumebakiza watatu tu, njooni mkae."

"Marahaba, mama. Tunasikia vizuri kutoka hapa."

"Kusikia hakuna saini, baba."

"Basi lete daftari. Mimi nikinyanyuka, huyu ananiibia kete."

Watu wakacheka. Sabina hakuona haya, akabeba daftari mpaka kibarazani, wale watatu wakasaini juu ya bao, akarudi mbio. Wakawa mia moja. Mwenyekiti wetu wa mtaa, Bwana Pius Chenge, akaliangalia lile daftari, akatikisa kichwa.

"Hawa hawakuhudhuria. Asiyekaa mkutanoni hajahudhuria."

"Mwenyekiti, ni hatua thelathini."

"Kanuni ni kanuni. Wewe si ndiye uliyeisomea?"

Akafunga mkutano. Watu wakapiga makofi, jua lilikuwa kali na kila mtu alitaka kwenda kwake. Tangu siku hiyo hata watoto wadogo walimwita Sabina Akidi. Akipita wanapiga kelele, "Akidi, shikamoo! Tumetimia?" Naye anawajibu, "Marahaba, bado watatu." Watoto hawakuwa na kosa. Walisikia nyumbani.

Kuhusu ndoa: marehemu hakuolewa. Mwaka 2023 kijana mmoja alileta washenga katika nyumba hii, wakapokelewa vizuri, wakala kuku wawili. Jina lake halitajwi hapa kwa heshima ya mke wake aliyekuja naye. Baadaye alimwambia Sabina amepata kazi Dar es Salaam, na kwamba achague moja, yeye au korongo. Sabina aliomba muda wa kufikiri. Alifikiri mpaka chai ya kikombe kimoja ikaisha, akamrudishia pete mezani. Yule kijana aliuliza, "Yaani kwa ajili ya mtaro?" Sabina akamwambia asiuite mtaro mpaka auvuke Aprili.

Ugonjwa wake ulikuwa mfupi. Jumatatu, tarehe 7 Aprili 2025, alirudi kutoka kazini akilalamika tumbo. Jumanne alikunywa dawa za duka la dawa, akapata nafuu. Jumatano asubuhi, tarehe 9, tumbo lilikuwa gumu kama ngoma na homa imepanda. Mvua ilikuwa imeanza alfajiri. Winnie alimpigia simu Mzee Shantilal, naye akatuma gari la duka, likafika ng'ambo ya korongo saa tano kasoro. Vijana walikuwa wameng'oa mlango wa jiko, wakamlaza Sabina juu yake, wakamshusha mpaka ukingoni. Vijana hao hawatasahauliwa.

Mbao zilikuwa zimekwenda na maji.

Tulisimama pale kuanzia saa tano mpaka saa kumi. Gari lilikuwa upande wa pili, taa zinawaka, dereva tunamwona mpaka masharubu. Kamba ilitupwa, ikakatika. Kijana mmoja aliingia maji yakamfika kifuani, akavutwa nje. Watu walitoka kwenye nyumba zote, wakajaa ukingoni na miamvuli yao, kila mmoja akisema pole. Sabina alikuwa amefunikwa nailoni. Akafumbua macho, akazungusha kichwa taratibu kuwatazama wale watu.

"Bibi, tupo wangapi hapa?"

Bibi hakutaka kuhesabu. Akasema, "Wengi, ng'wanone, mwanangu. Wamepita mia."

"Mwenyekiti yupo?"

"Yupo. Ana mwamvuli."

"Basi akidi imetimia," alisema. "Tungefungua mkutano."

Alitaka kucheka, tumbo likamkataza. Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho ambayo bibi aliyasikia vizuri. Baada ya hapo alisema mengine, lakini yalikuwa ya homa.

Maji yalipopungua saa kumi, alivushwa. Alifanyiwa upasuaji jioni hiyohiyo. Daktari alisema ni kidole tumbo, kimepasuka tangu mchana, sumu imesambaa, na kwamba angeletwa asubuhi angepona kabisa, angerudi nyumbani wiki hiyohiyo. Bibi akamwambia, "Daktari, asubuhi tulikuwa tunamwona dereva." Hakuelewa. Sabina alifariki Alhamisi, tarehe 10 Aprili 2025, saa mbili asubuhi. Alikuwa na miaka ishirini na saba na karibu miezi minane. Ijumaa jeneza lake lilivushwa korongo kuja hapa, na siku hiyo maji yalikuwa yamefika kwenye vifundo tu.

Bibi anataka pia kueleza kosa moja alilofanya yeye mwenyewe katika msiba huu.

Siku hiyohiyo ya Ijumaa waombolezaji walipoanza kuja, likatakiwa daftari la rambirambi. Bibi alifungua begi la Sabina la kazini, akakuta daftari nene jeusi, jipya, kurasa zimepigwa mistari mizuri na namba zimeandikwa pembeni. Akaona hili linafaa, lina heshima. Bibi alisoma ngumbaru mwaka 1974. Anasoma herufi kubwa. Zile za juu ya ukurasa zilikuwa ndogo, hakuhangaika nazo. Akaliweka mezani pale getini, akafunga kalamu kwa uzi. Kila aliyefika akaandika.

Jumamosi jioni Winnie alikaa kusoma majina, ili tuwajue waliokuja. Akashtuka.

"Bibi! Hili siyo la rambirambi!"

"Ni la nini?"

Akasoma. Juu ya kila ukurasa, kwa mwandiko wa Sabina, imeandikwa: Mahudhurio, Mkutano Mkuu wa Mtaa wa Jiwe Pacha. Ajenda: Kivuko cha Korongo la Mbuzi. Alikuwa ameliandaa kwa mkutano wa nne. Mwezi Mei, alisema, mvua zikipungua. Chini yake kuna namba, jina, kaya, simu na saini. Na ninyi nyote mmejaza. Hakuna hata mmoja aliyesoma kichwa cha ukurasa. Labda mlidhani rambirambi za siku hizi zinataka namba ya simu. Mwenyekiti Chenge ni wa nne. Mtendaji wa mtaa ni wa saba. Mzee Shimba ni wa kumi na tisa, na safari hii hakupelekewa daftari, alitembea mwenyewe.

Winnie aliona aibu, akataka kuzichana zile kurasa, tununue daftari lingine. Bibi akamwambia, "Liache lilivyo. Nimekosea vizuri."

Mpaka jana Jumapili saa tisa alasiri, karatasi hizi zilipopelekwa kuchapwa, wakazi wa Jiwe Pacha peke yao, bila ya wageni, walikuwa mia moja themanini na sita.

Marehemu ameacha bibi mmoja, Paskazia. Ameacha mama, Modesta, mdogo wake Winnie, shangazi wawili na wajomba wanne walioko Bujora na Sengerema. Ameacha begi la vitabu, lundo la mawe lililokwisha kupondwa, barua ya mhandisi ambayo haijafutwa, na korongo. Korongo halikumwacha yeye, na ninyi halijawaacha. Mvua za mwezi huu hazijaisha, na katika mikeka ile kuna wajawazito watatu ambao bibi amewaona.

Leo, Jumatatu tarehe 14 Aprili, Sabina atazikwa Bujora kando ya baba yake. Ili afike huko lazima avuke tena. Lakini jeneza halitatoka uani hapa kwanza. Bibi amekaa kwenye kigoda chake, katikati ya geti, na mnaomfahamu mnafahamu kwamba hanyanyuki kwa kuombwa. Mwenyekiti yupo. Mtendaji yupo na kalamu anayo. Daftari liko mezani. Ajenda ni moja, kama ilivyoandikwa. Mwenyekiti akisema msiba siyo mkutano, bibi anamkumbusha maneno yake mwenyewe, kwamba asiyekaa hajahudhuria. Leo mmekaa, tena kwenye viti, tena juu ya mawe aliyoyasoma Sabina.

Padri amesema atasubiri.

Anayekubali kivuko kijengwe, anyooshe mkono, Winnie ahesabu kwa sauti. Asiyekubali, asinyooshe, lakini aje yeye abebe jeneza kwenye maji.

Akidi ipo. Akili tutaiona sasa hivi.

Sabina amefanya kazi yake, yeye apumzike. Ninyi, mikono juu.